Pedi za breki za diski kwenye malori: kabla ya kununua mpya, isome ya zamani

Dereva mmoja anayesafirisha mizigo kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi alitutumia swali fupi kwa ujumbe wa simu. Pedi za breki za tairi la mbele kushoto zimekwisha, za kulia bado nene. Tajiri wake ametuma pesa za spea na kusema zifungwe za kushoto tu, za kulia zimalizwe kwanza. Je, ni sawa?

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ni makala haya, kwa sababu swali hilo linagusa karibu kila kitu kinachokosewa kwenye breki za diski za magari makubwa. Pedi iliyokwisha upande mmoja wakati mwenzake bado nzima ni dalili. Gari hilo lina ugonjwa, na pedi mpya haiutibu.

Joto linakwenda wapi

Malori yanayobeba shaba kutoka Kolwezi na Lubumbashi na kuingia Tanzania kwa Tunduma hupita milima ya Mbeya, Makambako na Iringa, kisha hukutana na Kitonga. Hapo barabara inateremka kutoka nyanda za juu kuelekea Ruaha Mbuyuni kwa kona zinazofuatana, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Wanaokwenda Mwanza wana Sekenke. Kwa upande wa Kenya, madereva wa njia ya Mombasa hadi Malaba hawahitaji kuelezwa Salgaa ni nini.

Tufanye hesabu moja. Lori na tela lenye uzito wa tani 50 likiteremka kimo cha mita 500, lina nishati ya kama megajuli 245 ya kumaliza kabla halijafika chini. Nishati hiyo inatosha kuchemsha karibu mapipa manne ya lita 200 ya maji, kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 100. Sehemu ya mzigo huo inabebwa na breki ya injini, ritada, upinzani wa hewa na msuguano wa tairi. Kinachobaki chote kinaingia kwenye vyuma vichache vya mviringo vilivyo nyuma ya rimu. Dereva aliyeweka gia huru ili aokoe dizeli ameipa kazi yote breki ya miguu, na hakuna pedi ya bei yoyote inayoweza kumsaidia kwa muda mrefu.

Hapa ndipo breki ya diski inapotofautiana na ya dramu. Dramu ikipata moto hupanuka na kujitenga na shuu zake, hivyo kishina cha chemba kinalazimika kusafiri mbali zaidi. Kikifika mwisho wa safari yake, hakuna breki iliyobaki. Diski ikipata moto hunenepa kuzielekea pedi. Kwa hiyo haipotezi nguvu kwa njia ile, na ndiyo sababu watengenezaji wa Ulaya waliihamia. Mercedes-Benz Actros ilipotoka mwaka 1996 ilikuwa na diski kwenye magurudumu yote, na nyingine za Ulaya zikafuata. Magari hayo ndiyo leo yanafika kwetu yakiwa yametumika miaka kadhaa, wakati malori mengi ya Kichina yanayokutana nayo barabarani bado yana dramu.

Faida hiyo ina upande wake. Kwenye dramu, fundi anaweza kulala chini ya gari akapima kwa macho kishina kinavyotoka. Kwenye diski, mambo yote yamejificha ndani ya kalipa. Breki inaweza kuwa imekufa upande mmoja kwa miezi na dereva asihisi, kwa kuwa magurudumu mengine yanaifanyia kazi.

Upepo, wenzo na pini mbili

Ili kuelewa pedi inasema nini, ni lazima kujua inasukumwa vipi. Ukikanyaga breki, upepo unaingia kwenye chemba. Chemba iliyoandikwa namba 24 ina eneo la inchi 24 za mraba, yaani kama sentimita 155 za mraba. Kwa upepo wa bar 8, kishina chake kinasukuma kwa nguvu sawa na uzito wa tani moja na robo. Ndani ya kalipa kuna wenzo unaoizidisha nguvu hiyo kama mara 15, hivyo kwa hesabu ya karatasi pedi inabanwa kwa karibu tani 19.

Nguvu hiyo inakwenda kwanza kwenye pedi ya ndani tu, ile iliyo upande wa chemba. Pistoni zinaisukuma hadi iguse diski. Baada ya hapo kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje ije ibane upande wa pili. Mguu ukiachia kanyagio, kila kitu kinarudi nyuma kidogo sana. Nafasi inayobaki kati ya pedi na diski, ukijumlisha pande zote mbili, ni takriban milimita moja. Kadiri pedi inavyolika, ajasta iliyomo ndani ya kalipa inasogeza pistoni mbele yenyewe ili nafasi hiyo isibadilike.

Basi kuna vitu viwili vinavyoamua maisha ya pedi ambavyo mteja dukani havioni: pini zinazoteleza na ajasta. Pini zimefunikwa kwa mipira ya kuzuia vumbi. Mpira mmoja ukipasuka, maji na tope vinaingia, kutu inajenga, kalipa inagoma kuteleza. Tuseme wazi kwamba pedi nyingi zinazolaumiwa kuwa "mbovu" au "za Kichina" ziliuawa na mpira uliopasuka.

Pedi ya zamani ni shahidi

Fundi mmoja wa gereji iliyo pembezoni mwa Dar es Salaam alituonyesha tabia yake ambayo tunaipendekeza kwa kila mtu. Akitoa pedi, haitupi. Anazipanga sakafuni kama zilivyokuwa kwenye gari: kushoto na kulia, ndani na nje, mbele na nyuma. Kisha anavuta kigoda na kuziangalia kabla ya kumpigia tajiri simu.

Pedi ya ndani ikiwa imelika sana na ya nje bado ina nyama, kalipa haitelezi. Mara nyingi pini au bushi zake zimeshika. Nguvu inabaki upande wa chemba, pedi ya nje inatembea bure. Kuweka pedi mpya nne hapo ni kurudia hadithi ileile. Kinachotakiwa ni seti ya pini, bushi na mipira yake, na wakati mwingine kalipa nyingine kabisa.

Pedi iliyolika mshazari, nene mwanzo na nyembamba mwisho, inaonyesha kalipa inayoyumba juu ya bushi zilizokwisha, au pistoni mbili zisizotoka kwa kiwango kimoja. Hilo la pili ni baya zaidi, maana chanzo kiko ndani ya kalipa.

Pedi zote mbili za gurudumu moja zikilika kwa usawa lakini haraka kuliko za upande wa pili, ndipo tunarudi kwa msikilizaji wetu. Kuna uwezekano wa aina mbili. Ama breki ya kushoto haiachii, inasugua muda wote hata mguu ukiwa nje ya kanyagio. Ama breki ya kulia haifanyi kazi, na ya kushoto imekuwa ikibeba za wawili. Pedi nene ya kulia ambayo tajiri anaihesabu kama akiba huenda ndiyo yenye kosa. Akibadilisha za kushoto tu, anatuma barabarani gari lenye breki ya mbele ya upande mmoja, tena akiwa ameilipia. Siku ya kukanyaga kwa nguvu kwenye kona, usukani utamvuta dereva upande ule.

Kutofautisha mambo hayo mawili hakuhitaji mashine. Endesha gari kilomita kadhaa kwenye barabara tambarare bila kugusa breki zaidi ya inavyolazimu, kisha simama na kusogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa. Gurudumu lenye joto kuliko mengine ndilo lisiloachia. Halafu fanya kinyume: mwisho wa mteremko ambapo breki zimetumika, tafuta lililo baridi. Hilo ndilo linalokula posho bila kazi. Kipimajoto cha kuelekeza kwa mwanga, kile kidogo kinachoshikwa kama bastola, kinafanya kazi hii vizuri zaidi ya kiganja, nacho si ghali ukilinganisha na seti moja ya pedi.

Jambo la mwisho ambalo pedi inaweza kulisema linahusu tela. Pedi za kichwa zikikwisha haraka pande zote, kushoto na kulia sawasawa, na ukakuta tela haijaguswa, basi tela haifungi breki ipasavyo na kichwa kinasimamisha mzigo wote. Tumeona mara kadhaa hosi ya chemba ya tela iliyokunjwa na kufungwa kwa waya kwa sababu chemba ilikuwa inavuja na safari ilikuwa lazima iendelee. Hosi hiyo husahaulika. Miezi miwili baadaye mwenye gari analalamika kwamba pedi za siku hizi hazidumu.

Dukani usiseme jina la lori

Ukienda kwenye maduka ya spea, iwe Kariakoo au Kirinyaga Road, Nairobi, ukisema unataka "pedi za Scania" au "pedi za Actros", utapewa kitu. Tatizo ni kwamba watengenezaji wa malori hununua breki kutoka kampuni chache za breki, kama Knorr-Bremse, Wabco (ambayo tangu 2020 iko chini ya ZF), Meritor na Haldex. Malori mawili ya jina moja na rangi moja yanaweza kuwa na kalipa tofauti. Gari lililotumika Ulaya huenda limebadilishwa ekseli njiani. Na tela hata haina jina la lori. Ina jina la aliyetengeneza ekseli.

Kinachotakiwa ni namba. Chukua brashi ya waya na maji, safisha tope kwenye kalipa, utakuta kibao kidogo cha chuma au maandishi yaliyopigwa chapa, yenye jina la mtengenezaji wa kalipa na namba yake. Piga picha. Kisha geuza pedi ya zamani na uangalie mgongo wa bamba lake la chuma: pedi nyingi zina namba ya WVA, ambayo ni namba ya tarakimu tano inayotambulisha umbo la pedi bila kujali kiwanda kilichoitengeneza. Pedi mbili zenye WVA moja zinaingia kwenye kalipa moja. Ukikuta bamba lisilo na namba yoyote, pima urefu, kimo na unene, na uichukue pedi yenyewe uende nayo dukani.

Lakini WVA inakuambia pedi itaingia. Haikuambii kama itashika. Kwa hilo tafuta alama ya herufi E ndani ya duara, ikiwa na namba pembeni yake, ikifuatwa na 90R na tarakimu nyingine. Hiyo ni idhini ya Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spea za breki. Pedi iliyoipata imepimwa na kuonekana kwamba nguvu yake ya kufunga haipishani na ile ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Namba iliyo pembeni ya E ni ya nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi, 11 Uingereza. Wauzaji wengine husema E1 maana yake imetengenezwa Ujerumani. Si kweli. Pedi ya kiwanda cha China au Uturuki inaweza kubeba E1 kihalali kabisa, na hilo halina ubaya.

Ubaya upo kwenye alama ya kughushi, na macho yanaweza kusaidia kidogo. Tazama ukingo ambapo sehemu ya kusugua inakutana na bamba la chuma. Kusiwe na mwanya hata wa unene wa karatasi. Pedi nzuri za malori hazitegemei gundi peke yake. Bamba lina meno, wavu au matundu ambamo sehemu ya kusugua imejikita. Pedi ambayo nyama yake imebandikwa tu juu ya bamba laini inaweza kung'oka nzima ikipata moto, na hapo chuma kinasugua chuma. Kona zikimeguka kwa kukwaruza na ukucha, rudisha. Boksi lisikushawishi, maana boksi zuri linaweza kuwa limeshatumika mara ya kwanza kwa pedi nyingine.

Pedi huuzwa kwa seti ya ekseli moja, yaani nne, na zinafungwa nne. Seti kamili huja na springi na vibanio vyake, na pale panapohusika, waya za taa ya onyo. Springi za zamani zimepikwa na joto mara nyingi, hazirudishwi. Kuhusu waya ya onyo, tunajua wengi huunganisha ncha zake mbili ili taa izime kwenye dashibodi. Waya hiyo hukatwa na diski pale pedi inapofikia mwisho, na ndiyo sauti pekee ambayo breki ya diski inayo. Ukiiunganisha, umeinyamazisha.

Pedi, diski au kalipa: kipi kibadilishwe

Kwa kalipa nyingi za tairi za inchi 22.5, kama SB7 na SN7 za Knorr-Bremse, pedi mpya ina unene wa milimita 30 pamoja na bamba. Bamba peke yake ni 9. Kikomo ni milimita 11 kwa jumla, maana yake milimita 2 tu za nyama. Anayekwenda safari ya kilomita 2,000 na mlima ndani yake asisubiri kikomo.

Diski za kalipa hizo zikiwa mpya zina unene wa milimita 45, na kikomo chake ni 37. Pima kwa vernia au kwa kipimo cha koleo, sehemu pedi inaposugua, wala si kwenye ukingo wa nje ambako kuna kigongo kisicholika. Kama diski imefika 39 na unaweka pedi mpya, ibadilishe palepale, kwa kuwa pedi hizo zitaishi kuliko diski. Diski nyembamba na pedi nyembamba zikikutana, pistoni zinatoka nje kuliko zilivyokusudiwa, mipira yake inavutika hadi kupasuka, na uchafu unaingia kwenye moyo wa kalipa. Akiba ya diski inageuka kuwa bei ya kalipa.

Nyufa zinawatisha watu kuliko inavyostahili, au haziwatishi kabisa. Mistari midogo kama utando wa buibui juu ya uso wa diski ni alama ya joto la kawaida na inaruhusiwa. Mifereji ya mviringo yenye kina kisichozidi milimita 1.5 pia inavumilika. Ufa unaokatiza kutoka ukingo wa ndani hadi wa nje, au unaoingia hadi kwenye matundu ya kupozea, diski hiyo imekwisha hata kama unene bado upo. Diski hubadilishwa mbili kwa ekseli, na diski mpya hupewa pedi mpya. Ifutwe mafuta ya kuzuia kutu kabla ya kufungwa, la sivyo pedi itayanywa.

Kalipa ndiyo inayowatoa watu jasho kwa bei yake. Pini, bushi na mipira hubadilishwa kwa seti, na bolti za pini ni za kutumika mara moja, zije mpya. Grisi inayokuja ndani ya seti ndiyo itumike, kwa sababu grisi ya kawaida ya beringi huyeyuka kwa joto hilo na huvimbisha mipira. Ajasta na wenzo wa ndani ni jambo lingine. Watengenezaji kama Knorr-Bremse wanakataza kalipa isifunguliwe. Tunajua hufunguliwa kila siku, na vifaa vyake vinauzwa. Kama ajasta imekufa, kalipa iliyofanyiwa matengenezo kiwandani na yenye dhamana ni ununuzi tunaoweza kuutetea. Ya mtumba isiyojulikana ilitoka gari gani hatuwezi.

Kazi yenyewe

Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yasiyoguswa yawekewe vigingi mbele na nyuma, na ekseli ikae juu ya stendi, si juu ya jeki. Hapo ndipo handbreki inaachiwa, kwa sababu ikiwa imefungwa kalipa inabana na pedi hazitoki. Hivyo vigingi ndivyo vinavyoshika gari zima. Tusichoke kulisema hilo. Na chemba ya nyuma yenye springi isifunguliwe kamwe kwenye maungio yake: springi iliyobanwa ndani ina nguvu ya kuua, na imeua.

Kabla ya kutoa pedi, shika kalipa kwa mikono na uisukume na kuivuta kufuata pini. Inapaswa kusogea kidogo, takriban ile milimita moja. Isiposogea imeshika. Ikicheza sana, ama ajasta haifanyi kazi ama bushi zimekwisha.

Kisha jaribu ajasta. Toa kifuniko kidogo cha mpira kilicho upande wa kalipa, utaona kichwa cha pembe sita. Kwenye kalipa za Knorr kimevishwa kikofia kinachovunjika kwa makusudi kikilazimishwa. Tumia spana ringi ndogo na mkono tu. Mashine ya kufungulia nati isikaribie hapo, maana sekunde moja ya mashine inaharibu ajasta nzima. Rudisha nyuma midundo mitatu, kila mmoja unasikika. Acha spana ikiwa imevaa pale, hakikisha haigongi kitu, na mwenzako akanyage breki taratibu mara tano hadi kumi, mguu mwepesi. Spana inapaswa kutembea yenyewe kidogokidogo kurudi mbele, kila hatua ikiwa fupi kuliko iliyotangulia. Isipotembea, au ikienda mbele kisha ikarudi ilikotoka, ajasta imekufa. Jaribio hili huchukua dakika mbili, na ndilo ambalo dereva wetu wa Lubumbashi anapaswa kulidai lifanywe upande wa kulia, ule wenye pedi nene.

Baada ya hapo pistoni zirudishwe nyuma kwa spana ileile, pedi zitolewe, na kiti chake kisafishwe kutu ili pedi mpya ziingie na kutoka bila kugongwa nyundo. Vumbi lisipulizwe kwa upepo wa kompresa. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, maana halifai kuvutwa puani. Angalia mipira ya pistoni pande zote kwa tochi. Ukilazimika kutoa kalipa, ifunge kwa mnyororo au iwekwe juu ya kitu. Uzito wake si mbali sana na mfuko wa saruji, na ikiachwa ining'inie hosi ndiyo inayoumia.

Pedi mpya zikikaa, ajasta inasogezwa mbele hadi pedi ziguse diski, kisha inarudishwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji. Kanyaga breki mara kadhaa, achia, zungusha habu kwa mkono. Izunguke. Vifuniko vya mpira virudishwe. Kifuniko kilichosahaulika cha bei ya soda kinaweza kumaliza kalipa kwa msimu mmoja wa mvua.

Ikiwa chemba nayo inabadilishwa, isije ya dramu. Chemba ya diski ina kishina kifupi kinachoingia kwenye kikombe cha wenzo, na ina mpira wa kuzuia maji yasiingie kwenye kalipa. Namba zake pia zifanane kushoto na kulia. Ukiweka 24 upande mmoja na 20 upande wa pili, umetengeneza kwa mikono yako tatizo lilelile tulilolianza nalo.

Safari ya kwanza

Pedi mpya haijalala vizuri juu ya diski. Inagusa kwa sehemu chache tu, na sehemu hizo zikipikwa kabla pedi haijakaa, uso wake unakuwa kama kioo na hautashika tena vizuri. Kwa hiyo siku za kwanza breki zitumike mara nyingi lakini kwa upole, zipumzike katikati. Ndiyo sababu hatushauri lori lifungwe pedi Iringa asubuhi na kuteremka Kitonga na mzigo mchana. Kama hakuna namna, dereva aanze mteremko kwa gia ya chini na breki ya injini tangu juu, na ajue kwamba breki zake bado hazijafikia nguvu zake.

Nati za tairi zilizofunguliwa hulegea zinapokaa upya. Zikazwe kwa spana ya torki, zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa gari lililofungwa Dar es Salaam na kuelekea bara, foleni ya mizani ya Vigwaza ni mahali pazuri pa kufanya hivyo. Utingo ashuke na spana, na akiwa chini apitishe kiganja karibu na kila rimu, kushoto na kulia, na kuandika kwenye daftari la gari lipi lina moto na lipi halina.